Ikatwe au Isikatwe? Mjadala wa Pikipiki Kuukuu Uani

Pikipiki iliyochoka ikishaingia uani mwa mtu, ugomvi unaanza. Wapo wanaosema irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, mpaka stika. Wapo wanaosema ikatwe, ishushwe, ipewe sura mpya na injini kubwa. Maneno haya nimeyasikia kwa mafundi, kwenye maduka ya spea Kariakoo na vijiweni kwa bodaboda, na hapa nimeziketisha pamoja sauti nne: kijana mwenye pikipiki, mzee fundi, dada anayeuza spea na muuguzi wa wodi ya majeruhi. Mimi naongoza mazungumzo, lakini nina upande wangu na sitauficha.

Pikipiki yenyewe ni ya kawaida kabisa kwetu: cc 125, injini ya Kichina ya ukoo wa Honda CG125. Ilipiga bodaboda mpaka ikagoma, ikaegeshwa nyuma ya nyumba, mvua ikainyea, kuku wakalala juu yake. Kijana ameinunua kwa bei ya vyuma chakavu.

KIJANA: Shikamoo, mzee. Mchoro ninao tayari. Nakata fremu nyuma ya kiti, keria natoa, naweka kiti kifupi cha mtu mmoja na usukani mfupi. Kava la cheni natoa pia, eksozi inakuwa wazi. Injini naweka ya cc 200, maana ukoo ni ule ule na inakaa kwenye boliti zile zile. Kila kitu nafanya nyumbani. Grinda ninayo, na rafiki yangu ana mashine ya kuchomelea.

MZEE FUNDI: Marahaba, mwanangu. Umetaja mambo mengi, breki sijaisikia.

KIJANA: Breki inashika, mzee.

MZEE FUNDI: Inashika ikiwa imesimama. Sikiliza. Ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 80, mwendo umeongezeka kwa theluthi tu. Lakini nguvu ambayo breki inatakiwa kuimeza mpaka usimame imekuwa karibu mara 1.8. Drami ya nyuma ni ile ile, viatu vya breki ni vile vile. Unamwongezea mzigo mtu ambaye hujampima hata afya.

MUUGUZI: Na mimi niongeze la barabarani. Kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja unakata mita 17 hivi. Kwa 80 unakata 22. Hiyo sekunde ndiyo unayoitumia kushtuka, kabla hata mguu haujagusa breki. Wanaoletwa kwetu wengi husema, "Nilimwona, nikashindwa kusimama."

KIJANA: Kwa hiyo tusibadilishe chochote? Dunia ingekuwa hivyo tusingefika popote. Mtazameni Burt Munro, yule wa Invercargill, New Zealand. Mwaka 1920 alinunua Indian Scout ya cc 600, mwendo wake wa juu haukufika hata kilomita 90 kwa saa. Akaichokonoa nyumbani kwake miaka na miaka, pistoni akizisubu mwenyewe kwenye makopo. Mwaka 1967, ana miaka 68, akaipeleka Bonneville kule Utah, Marekani, injini imeshafika cc 950. Akaweka rekodi ya daraja la injini zisizozidi cc 1000, karibu kilomita 296 kwa saa. Angeiacha ya kiwandani, nani angemjua?

MZEE FUNDI: Huyo bwana namvulia kofia. Wajukuu walinionyesha picha za banda lake. Lina rafu nzima ya vyuma vilivyomfia, pistoni na vinginevyo, kavihifadhi. Kila kilichovunjika alitaka kujua kimevunjikaje. Wewe umeifungua hii injini ukaona imekufa na nini?

KIJANA: Bado.

MZEE FUNDI: Na yeye alikimbia kwenye uwanda wa chumvi, peke yake. Wewe unakwenda Mbagala saa kumi na mbili jioni.

MWANDISHI: Kabla hatujafika kwenye grinda, niulize kitu kidogo. Kadi iko wapi?

KIJANA: Ipo, ila ina jina la mwenye mali wa kwanza.

DADA WA SPEA: Kaka yangu, hapo ndipo pa kuanzia. Kadi ina namba ya chesisi, namba ya injini na rangi. Piga msasa polepole pale kwenye shingo ya fremu, soma namba, linganisha. Angalia na ya kwenye bloku ya injini. Zikipishana, pesa yako umeizika. Zikilingana, nenda TRA mkabadilishe umiliki kabla hujanunua hata plagi. Hiyo injini ya cc 200 nakuuzia leo hii ukitaka, lakini ukishaifunga, kadi inasema namba moja na pikipiki inasema nyingine. Bila kutoa taarifa ibadilishwe kwenye kadi, askari akikusimamisha utaeleza nini?

Kwa upande wangu, hoja ya kadi inatosha kuchelewesha injini kubwa, ingawa siyo iliyo moyoni mwangu. Iliyo moyoni mwangu ni ile aliyoileta mzee baadaye, alipoulizwa kwa nini anaitetea mashine ya bei rahisi kana kwamba ni urithi wa ukoo.

MZEE FUNDI: Mnajua injini hii ilizaliwaje? Honda walikuwa na CB125, kemshafti yake iko juu kwenye hedi. Kemshafti ya juu inataka oili safi ipande mpaka huko. Katika nchi ambazo watu hawabadilishi oili kwa wakati, zikawa zinakufa. Wahandisi wakaamua kufanya kitu ambacho mtu mwenye kiburi hawezi kukifanya: wakarudi kwenye mtindo wa zamani. Kemshafti wakaishusha chini karibu na krenki, fimbo mbili zikawa zinasukuma valvu kutoka chini. CG125 ikaingia sokoni mwaka 1976. Cheni wakaifunika yote, vumbi na matope visiifikie. Japani waliitengeneza mpaka katikati ya miaka ya 1980, kazi ikahamia Brazil, baadaye Uturuki mpaka 2008. Wachina wakainakili, na nakala hizo ndizo zinazotubeba mpaka leo. Mashine hii ilifikiriwa kwa ajili ya mtu wa barabara ya vumbi anayesahau oili. Kwa ajili yetu, basi. Unapoikata bila kujua kwa nini kila kitu kiko pale kilipo, unatupa fikra za watu waliotufikiria.

MUUGUZI: Na hilo kava la cheni unalotaka kulitoa, kaka, mimi nalijua kwa jina la majeruhi. Mama amepanda nyuma, ameketi upande, kanga au dera inaning'inia. Nguo ikinaswa kwenye cheni au spoki, haikatiki. Inamvuta. Nimepokea wanawake wamevunjika kwa namna hiyo, na dereva hana hata mchubuko. Wewe nyuma utambeba nani?

KIJANA: Kiti ni cha mtu mmoja.

MUUGUZI: Nakuuliza utambeba nani.

KIJANA: Mama, siku za soko.

MUUGUZI: Basi kiti si cha mtu mmoja.

DADA WA SPEA: Ngojeni. Naona mnamkandamiza kijana mpaka inaonekana cha kiwandani ni kitakatifu. Mimi nauza spea. Hakuna pikipiki ya kazi ninayoiona barabarani ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Watu wamefunga bampa za mbele za kulinda miguu, keria nzito, shokapu ngumu za nyuma, spoki nene, mpira mrefu wa kuzuia matope. Kwa nini? Kwa sababu kiwanda hakikujua kwamba itabeba magunia mawili ya mkaa, au baba, mama na mtoto wanaokwenda hospitali usiku. Bodaboda wameimalizia kazi ambayo kiwanda hakikuimaliza. Mzee akisema irudishwe ilivyokuwa, airudishe kwa nani? Kwa mtu ambaye hayupo?

MZEE FUNDI: Hapo umenibana, binti yangu. Ni kweli.

KIJANA: Asante, dada!

MZEE FUNDI: Lakini angalia ulivyovitaja. Bampa, keria, shokapu, spoki: vyote vinafungwa kwa boliti na nati. Mtu akibadili mawazo, anafungua. Fremu ikikatwa, haifunguliwi.

Mimi hapo nilisimama na mzee, na bado nimesimama. Badilisha chochote kinachofungwa kwa boliti, ukitunza kile ulichokitoa. Usikate kinachobeba uzito wa mtu kwa sababu ya sura. Kijana anaweza kuwa na kiti chake kifupi, akitengeneza kitako chake na kukifunga kwenye matundu yale yale ya zamani, na kile kirefu kikatundikwa ukutani kikisubiri siku za soko. Usukani unafunguka. Taa inabadilika. Rangi ni yake, mradi ifanane na kadi au kadi irekebishwe. Anabaki na nafasi kubwa ya kuonyesha ubunifu, na mtu atakayeinunua kwake kesho hatapokea kilema.

KIJANA: Sawa, lakini fremu hii tayari ina kilema. Chini ya betri imeliwa na kutu, na pale keria inaposhika pana ufa. Hapo sitakata?

MZEE FUNDI: Hapo utakata, kwa sababu unatibu. Tindikali ya betri ilimwagika, ikala chuma. Jambo la kawaida. Ufa unatokana na mizigo. Lakini usije ukaziba ufa kwa kuuchomelea juu juu kama unaziba ndoo. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, ingiza bomba dogo ndani ya bomba kubwa, ndipo uchomelee kuzunguka. Kazi hiyo mpelekee mtu anayechomelea fremu kila siku. Rafiki yako mwenye mashine akatengeneze geti. Na kabla ya kuchomelea, chomoa betri na CDI, kile kisanduku kinachotoa moto wa plagi, maana umeme wa mashine ya kuchomelea huziua.

KIJANA: Nitajuaje kama fremu haijapinda?

MZEE FUNDI: Chukua uzi. Funga kwenye tairi la nyuma, vuta pande zote mbili mpaka la mbele, usukani ukiwa umenyooka. Uzi uguse tairi la nyuma mbele na nyuma yake. Halafu tazama nafasi kati ya uzi na tairi la mbele, kushoto na kulia. Zikitofautiana, ama umefunga gurudumu upande, ama foko zimepinda, ama ni fremu. Kazi hiyo utaifanya uani kwako, gharama yake ni uzi.

Hapa mjadala ukabadilika. Aliyetaka kukata akaanza kuuliza, na mzee, ambaye alikuwa amekunja mikono, akakunjua. Swali likawa ni kazi gani mtu anaweza kuifanya nyumbani kwa uaminifu, na ipi lazima itoke nje ya geti.

MZEE FUNDI: Breki ni ya nyumbani. Vua magurudumu, toa viatu vya breki. Vumbi utakalolikuta usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, maana zamani walikuwa wanaweka asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi. Tazama ndani ya drami kama kuna mfereji. Beringi zungusha kwa kidole: ikikwaruza, itupe. Tangi nalo ni la nyumbani. Umelichungulia?

KIJANA: Lina kutu nyekundu mpaka kwenye koki.

MZEE FUNDI: Toa koki, ziba tundu, mimina siki nyeupe lijae, liache siku moja au mbili. Kutu ikigoma, tia nati kadhaa ndani ulitikise. Ukimwaga siki, usiishie hapo: suuza kwa maji yenye magadi, yatachemka povu, siki iliyobaki inakufa. Suuza tena, likaushe juani, halafu zungusha mafuta ndani haraka, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye siki kinashika kutu mpya kabla ya jioni. Ukikuta tundu, usilichomelee nyumbani. Tangi lisilo na petroli lina mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka.

DADA WA SPEA: Kabureta pia ya nyumbani, lakini watu wanaiharibu kwa pupa. Wananijia na jeti imetanuliwa kwa waya, wanasema pikipiki inakunywa mafuta. Jeti husafishwa kwa dawa na upepo. Tundu lile lilipimwa. Ukiingiza waya wa chuma umelibadilisha, na mimi sina dawa zaidi ya kukuuzia nyingine. Na eakilina msiitoe! Kijana akisikia mlio wa kuvuta hewa anaona pikipiki imepata nguvu. Inavuta mchanga. Ringi zinakwisha, moshi wa bluu unaanza, anarudi dukani kwangu. Mimi napata pesa, lakini sipendi pesa hiyo.

KIJANA: Na injini? Niifungue mwenyewe?

MZEE FUNDI: Ifungue. Siku hizi vijana wanaogopa injini kwa sababu wameambiwa ni ya fundi. Fungua upande wa klachi. Injini hii haina filta ya oili ya kubadilisha. Ina chujio la wavu, na kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki. Kikizunguka, uchafu unatupwa pembeni unaganda. Fungua kile kifuniko chake chenye skrubu tatu. Utakuta tope jeusi limekaza kama lami, na ndani yake unga wa chuma. Hilo tope ni historia ya pikipiki yako: linakwambia mwenye mali wa kwanza alibadilisha oili mara ngapi. Likwangue, osha kwa dizeli. Halafu tapeti: milimita 0.08, injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kabisa mwisho wa mgandamizo. Kaza, zungusha krenki, pima tena.

KIJANA: Kama inatoa moshi?

DADA WA SPEA: Basi hedi na bloku zinavuliwa, bloku inakwenda kwa mchongaji. Hiyo siyo ya uani. Nunua kwanza pistoni, ndipo bloku ichongwe kufuata pistoni hiyo. Wengi wanachonga kwanza, halafu wanaanza kutafuta. Juu ya pistoni kuna namba: 0.25, 0.50, mpaka 1.00. Ikiwa yako ilishafika 1.00, usichonge, badilisha bloku. Na uje dukani na kipande cha zamani mkononi. Usinielezee kwa simu "ile ya CG", maana za CG zinatoka viwanda kumi na kila kimoja kimebadili kidogo.

MZEE FUNDI: Waya. Mnaruka waya kila siku. Katika mashine za Honda na nakala zake, waya wa kijani ni wa hasi. Waya wa swichi ya kuzima ukigusa hasi, moto unapotea kwenye plagi, pikipiki inazima katikati ya barabara na hujui kwa nini. Fungua selotepu zote alizoweka bodaboda. Kila ulipoungwa kwa kusokota, unga upya kwa risasi, funika vizuri. Siku nzima itakwisha hapo na hakuna atakayekusifu, kwa sababu haionekani.

MUUGUZI: Taa ya breki nyuma, tafadhali. Na vioo vya pembeni. Vijana wanavitoa viwili hivyo kabla ya vyote, eti vinaharibu sura.

KIJANA: Vioo nitavirudisha. Keria nitaiacha. Kava la cheni, sawa, nimemsikia muuguzi. Fremu naitibu, siikati. Injini ya cc 200 naweka pembeni mpaka hii ikatae kabisa. Lakini eksozi siwaachii. Nataka isikike.

MUUGUZI: Isikike na nani? Mtaa una watoto wachanga na wagonjwa.

MZEE FUNDI: Na kiufundi, ukifungua eksozi, mchanganyiko wa hewa na mafuta unabadilika. Plagi ikitoka nyeupe, injini inaungua kwa uhaba wa mafuta. Itabidi ubadilishe meni jeti. Ikitoka nyeusi ya masizi, mafuta yamezidi. Rangi ya kahawia ndiyo unayoitaka. Uko tayari kutoa plagi na kuisoma kila baada ya safari mpaka upate jeti sahihi?

KIJANA: Nitaisoma, mzee. Nifundishe tu.

MUUGUZI: Mimi bado nakataa.

DADA WA SPEA: Kuna zile zenye kizuia sauti kinachofungwa ndani kwa skrubu moja. Mlio unakuwa mzito, haupigi kelele.

MUUGUZI: Nitaisikia kwanza ndipo niseme.

MZEE FUNDI: Eksozi ni ya mwisho kufungwa, tutabishana wakati huo. Jumamosi uanze na gurudumu la nyuma. Mimi nitakuja na fila geji, wewe tafuta siki ya kutosha tangi.